Umeumizwa au umekamatwa? Haki yako huanzia kwa daktari

Kuna swali moja niliulizwa mahakamani ambalo sijalisahau hadi leo. Nilikuwa katika mwaka wangu wa kwanza kazini, katika hospitali moja ya wilaya, kabla ya kaunti kuja. Nilikuwa nimeitwa kutoa ushahidi katika kesi ya wizi wa mabavu, kwa sababu ni mimi niliyejaza fomu ya P3 ya mlalamishi, mwenye duka aliyejeruhiwa kichwani. Nilisoma fomu yangu, nikaeleza jinsi kidonda kilivyokuwa, na kiongozi wa mashtaka akaridhika. Kisha mshtakiwa, kijana ambaye hakuwa na wakili, akapewa nafasi ya kuniuliza maswali.

"Daktari," akasema, "usiku ule ule uliniona na mimi. Askari walinileta kwako nikiwa na pingu. Ulinivua shati?"

Sikuwa nimemvua, na nilikumbuka vizuri sababu yake. Ilikuwa saa nane za usiku, foleni ya wagonjwa ilikuwa ndefu, na askari aliyemleta alitaka tu niandike kwamba mtu wake anaweza kurudi seli. Nilimtazama macho, nikampima presha, nikaandika kwamba hana majeraha ya kuonekana. Sasa kijana alikuwa akiiambia mahakama kwamba mgongo wake usiku huo ulikuwa umejaa alama za rungu, na kwamba maneno aliyodaiwa kukiri aliyasema baada ya kipigo. Hakimu alinigeukia, akasubiri jibu. Nilijibu kwamba sikumvua shati, naye akaandika.

Sisemi kwamba kijana yule hakuwa na hatia. Kuamua hilo ni kazi ya mahakama. Ninachosema ni kwamba mgongo wake ulikuwa ushahidi, ama wa kumsaidia ama wa kumwonyesha kuwa mwongo, na ni mimi peke yangu niliyekuwa na nafasi ya kuuona ukingali mbichi. Siku ya kesi, miezi saba ilikuwa imepita na hapakuwa na kitu cha kutazama.

Tangu siku hiyo ninaamini kwamba haki ya mtu aliyeumizwa, na vilevile haki ya mtu aliyeshtakiwa, huanzia katika chumba cha daktari. Wakili na hakimu huja baadaye, nao hutegemea yale ambayo daktari aliyaona na kuyaandika. Lisiloandikwa siku hizo za mwanzo, aghalabu halipatikani tena. Ndiyo maana ninaona ni wajibu wa ukurasa wa afya kama huu kulizungumzia jambo ambalo wengi hudhani ni la mawakili peke yao.

KWANZA UTIBIWE

Wakazi wengi wa mjini huamini kwamba mtu akipigwa au akikatwa ni lazima apitie kituo cha polisi kabla ya kuguswa na daktari. Nimewahi kupokea mtu aliyefunga mkono kwa leso iliyolowa damu, akiwa amepoteza saa tatu akitafuta fomu. Hiyo ni hatari, na si sheria.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinasema waziwazi kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inaongeza kwamba taasisi ya matibabu inayokosa kutoa huduma hiyo ilhali ina uwezo wa kuitoa imetenda kosa, na inaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 3. Hakuna pahali palipoandikwa kwamba damu isizuiwe mpaka P3 ifike. Tibiwa kwanza. Ripoti ya polisi na fomu vitafuata, hata kama ni kesho yake.

Hata hivyo, unapotibiwa, zungumza. Mweleze daktari au afisa wa kliniki umeumizwa lini, kwa kitu gani, na ni wapi panapouma, hata pale pasipo na damu. Mwombe aandike yote. Mtu aliyepigwa rungu kichwani na mbavuni mara nyingi huonyesha kichwa tu kwa kuwa ndicho kinachotoka damu. Baada ya wiki mbili anaanza kulalamikia mbavu, na wakili wa upande wa pili anamuuliza mbona kadi ya hospitali haitaji mbavu.

Kwa aliyedhulumiwa kimapenzi, saa zina uzito zaidi. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi ni sharti zianze kabla ya saa 72 kupita, na mapema ndiyo bora. Dawa za dharura za kuzuia mimba hufaa ndani ya saa 120. Ikiwezekana usioge kabla ya kuonwa, na nguo ulizovaa uziweke katika mfuko wa karatasi, wala si wa plastiki, kwa maana unyevu huharibu ushahidi. Lakini hata ukiwa umekwisha kuoga, nenda. Matibabu haya katika hospitali za umma ni ya bure kisheria, na daktari ana fomu maalumu ya kujaza kwa ajili yako, mbali na P3.

UZITO WA NENO MOJA

P3 ni fomu ya polisi. Sehemu ya kwanza hujazwa na askari, ambaye hueleza kisa na kuomba uchunguzi wa daktari. Sehemu inayofuata hujazwa na daktari. Fomu yenyewe hutolewa bure. Ukitozwa ada yoyote hospitalini ya kuijaza, dai risiti. Malipo yasiyo na risiti ni hongo. Kabla ya kuipeleka hospitalini hakikisha kwamba kisa chako kimeandikwa katika kitabu cha matukio cha kituo, na kwamba umepewa nambari ya OB. Ikisha kujazwa, piga nakala kabla ya kuirudisha. Fomu hupotea vituoni, na nimewaona watu wakirudi baada ya mwaka kutaka nijaze nyingine kutokana na kovu.

Katika fomu hiyo daktari hutakiwa kutaja kiwango cha jeraha. Je, ni dhara la kawaida, ni dhara kubwa, au mtu amelemazwa? Msomaji anaweza kudhani hilo ni jambo dogo. Tazama sheria inavyosema. Chini ya Kanuni ya Adhabu, shambulio la kawaida hubeba kifungo cha mwaka 1. Shambulio lililosababisha dhara mwilini hubeba kifungo cha hadi miaka 5. Dhara kubwa hubeba kifungo kinachoweza kufika maisha. Neno moja la daktari linaweza kuwa tofauti kati ya mtu kurudi kwake upesi na mtu kuzeekea gerezani. Pia linaweza kuwa tofauti kati ya mhasiriwa kupata haki na mhasiriwa kuona aliyemlemaza akicheka barabarani.

Kwa hiyo neno hilo halipaswi kukisiwa. Kidole kilichovimba kinahitaji picha ya eksirei kabla ya kuitwa jeraha la nyama tu. Jicho lililopigwa linahitaji kupimwa kama linaona. Sikio lililozabwa kofi linahitaji kuchunguzwa ndani, maana kiwambo kinaweza kuwa kimepasuka bila dalili yoyote nje.

Aina ya kidonda nayo husema mengi. Kisu au panga kali huacha kingo laini, na ndani ya kidonda nyuzi za nyama zimekatika zote. Rungu au jiwe hupasua ngozi, kingo huchanika na kuchubuka, na ndani hubaki nyuzi zilizounganisha upande huu na ule. Kichwani, ambapo ngozi imekaa juu ya mfupa, mpasuko wa rungu unaweza kufanana sana na mkato wa panga usipotazamwa kwa makini. Sasa fikiria kesi ambayo mlalamishi anasema alikatwa kwa panga, na mshtakiwa anasema jamaa alianguka akagonga ukingo wa saruji. Daktari aliyeandika "amekatwa" bila kutazama, na akashona, amekwisha kuiamua nusu ya kesi kwa kubahatisha.

Vilio vya damu chini ya ngozi pia vina tabia yake. Kwenye ngozi nyeusi huenda siku ya kwanza usione rangi yoyote, ila uvimbe na maumivu ukigusa. Alama huweza kujitokeza siku ya pili au ya tatu. Ukiona imejitokeza baada ya kurudi nyumbani, rudi kwa daktari akaiandike, na upige picha ya simu kwenye mwanga wa mchana, ukiweka kitu kama sarafu kando yake ili ukubwa ujulikane.

AJALI ZA BARABARANI NA KAZINI

Wengi wanaosoma ukurasa huu hupanda matatu au bodaboda kila siku. Ukihusika katika ajali, dereva anatakiwa na Sheria ya Trafiki asimame, atoe jina na anwani yake, na aripoti kwa polisi mapema iwezekanavyo, bila kupitisha saa 24. Wewe au jamaa yako andikeni nambari ya gari na maelezo ya cheti cha bima. Bima ya kuwalinda watu wengine ni lazima kwa kila gari barabarani, kwa hivyo mara nyingi ni kampuni ya bima itakayolipa, hata kama dereva hana kitu. Kituoni, omba abstrakti ya polisi.

Kisha weka karatasi. Fidia ya maumivu hukadiriwa na mahakama, lakini fedha ulizotumia hudaiwa kwa ushahidi kamili. Dawa, eksirei, magongo, nauli ya kwenda kliniki, yote hayo bila risiti ni maneno matupu. Kadi ya matibabu ya siku ya kwanza, karatasi ya kuruhusiwa kutoka wodini na picha za eksirei zihifadhi pamoja pahali pakavu. Faili yako hospitalini ukiihitaji kwa ajili ya kutetea haki yako, Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa njia ya kuomba habari zilizomo. Usikubali kuambiwa kwamba hayakuhusu.

Usilale pia. Dai la fidia ya kuumizwa kwa uzembe wa mtu au kampuni ni lazima lifike mahakamani ndani ya miaka 3. Ikiwa aliyekuumiza ni serikali, kwa mfano gari la serikali likiwa kazini, muda ni miezi 12 tu. Nimemwona mtu akingoja mguu upone sawasawa ndipo amtafute wakili, na mguu ukachukua miaka minne.

Aliyeumia kazini ana njia yake. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka wa 2007, ambayo Mahakama ya Juu iliidhinisha mwaka wa 2019, inamtaka mfanyakazi amjulishe mwajiri, na mwajiri aripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Hapo pia daktari ndiye anayekadiria kilema. Kibarua wa mjengo aliyefungwa kidonda na msimamizi na kupewa shilingi mia tano aende nyumbani hana kitu cha kumwonyesha mkurugenzi.

Kuna jambo jingine la kusikitisha. Katika wodi za majeruhi huingia watu waliovaa vizuri, ambao hujua majina ya wagonjwa wa ajali kabla hata jamaa zao hawajafika. Hawa ni mabroka. Humtia mgonjwa kalamu mkononi akiwa bado na maumivu, asaini karatasi asiyoisoma. Usisaini kitu wodini. Wakili mwenyewe huja kwa jina lake, na sheria ya mawakili haitambui mapatano ya kwamba atalipwa tu iwapo kesi itashinda. Muulize mapema gharama zake, na uandikiwe.

Na usiongeze chumvi. Kampuni ya bima ina daktari wake, naye atakuchunguza. Aliyevaa kola ya shingo siku ya uchunguzi tu hujulikana. Mtu akidanganya jambo moja, hata maumivu yake ya kweli huacha kuaminiwa.

UKIKAMATWA

Sasa turudi kwa kijana wa shati. Wasomaji wengine watasema, mwizi ana haki gani? Nami nilikuwa nikifikiri hivyo, bila kusema. Lakini siku ya kukamatwa hakuna aliyekwisha kuitwa mwizi na mahakama, na wanaokamatwa kwa makosa ya wengine ni watu kama wewe na mimi, na watoto wetu wanaotembea jioni.

Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa mtu aliyekamatwa haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, kwa nini amekamatwa. Haki ya kunyamaza. Haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao unahitajika. Na haki ya kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku inayofuata ya mahakama ikiwa saa hizo zinaisha nje ya muda wa kazi. Ana haki ya dhamana kwa masharti yanayofaa, isipokuwa pawe na sababu nzito. Halazimishwi kukiri. Kukiri kunakubalika tu kukifanywa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi mwenye cheo ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, pamoja na mtu wa tatu ambaye mshukiwa amemchagua mwenyewe. Kifungu cha 50 kinaongeza kwamba ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za mtu utatupwa nje iwapo kuukubali kutaifanya kesi isiwe ya haki. Na uhuru wa kutoteswa, kwa mujibu wa Kifungu cha 25, hauwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote. Sheria ya Kuzuia Mateso ya mwaka wa 2017 imeyafanya mateso kuwa kosa la jinai.

Haki hizi zote ni nzuri. Lakini mtu anayedai kwamba alipigwa seli ataulizwa ushahidi uko wapi. Uko mwilini, kwa siku chache. Kwa hiyo wewe au jamaa yako akiumizwa mikononi mwa polisi, omba kupelekwa hospitalini, na usipokubaliwa, mweleze hakimu siku ya kwanza kabisa ya kufika kortini. Sema kwa sauti, "Mheshimiwa, nimeumizwa, naomba kuonwa na daktari." Onyesha alama. Omba iandikwe katika kumbukumbu za mahakama. Malalamiko pia yanaweza kupelekwa kwa IPOA, halmashauri huru inayosimamia utendakazi wa polisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2011. Asiye na uwezo wa wakili anaweza kuulizia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2016, au mashirika kama Kituo Cha Sheria.

Ukifika mbele ya daktari, jua kwamba wewe ndiwe mgonjwa wake, si askari aliyekuleta. Unaweza kumwomba azungumze nawe askari akiwa mbali kidogo asisikie. Mwambie kila unapoumia. Na ikiwa hakuombi uvue shati, vua mwenyewe.

KWA MADAKTARI WENZANGU

Najua tutajitetea. Wagonjwa ni wengi, daktari ni mmoja, na hakuna apendaye kupoteza siku nzima kortini akingojea kesi inayoahirishwa. Hayo yote ni kweli. Lakini kesi ngapi zimekufa kwa sababu daktari aliyejaza fomu alihamishwa na hakuitika wito? Na mwandiko wetu je, ambao hakimu hawezi kuusoma? Uchunguzi kamili wa mtu kutoka kichwani hadi miguuni, na mchoro mdogo wa mwili wenye alama za majeraha, hauchukui robo saa. Tuna hata mwongozo wa kimataifa wa kuandika ushahidi wa mateso, Itifaki ya Istanbul ya mwaka wa 1999, iliyofanyiwa marekebisho mwaka wa 2022. Inafaa ifundishwe kwa kila daktari anayeanza kazi, kama tunavyofundishwa kushona.

Serikali nayo ina la kufanya. Kwa maoni yangu, mtu asiingizwe seli wala kutolewa bila uchunguzi mfupi wa kiafya ulioandikwa. Uchunguzi huo utamlinda mshukiwa dhidi ya kipigo, na utamlinda askari mwaminifu dhidi ya kusingiziwa. Sioni anayepoteza, ila yule mwenye jambo la kuficha.

Kwako msomaji, nina ombi moja tu. Usiku utakapompeleka jamaa hospitalini, akiwa ameumizwa au akiwa na pingu mkononi, usiondoke kabla ya kuuliza, "Daktari, umeandika nini?" Huenda tukakasirika. Uliza tu. Lau kama mtu angaliniuliza hivyo usiku ule, ningalimvua kijana yule shati.